Roboti Huyu, Viumbe Hivi: Uhakiki wa Istilahi za Kuondoa Mashapo Majini

Miongoni mwa maandishi yaletwayo kwetu ili lugha yake isanifiwe, yale yahusuyo kazi za bandari, mito na mabwawa yameongezeka sana. Maandishi hayo hueleza jinsi mchanga na tope vinavyojaa katika njia za meli, jinsi mitambo mipya inavyotumwa chini ya maji kwenda kuvitoa, na jinsi viumbe wa majini watakavyosalimika kazi hiyo ikiendelea. Mengi hutafsiriwa kutoka Kiingereza, tena kwa haraka, kwa kuwa wenye mradi hutakiwa kuwaeleza wananchi kabla ya kazi kuanza. Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno yatumikayo humo. Hatutafuti makosa ya kisarufi tu. Twauliza swali moja: je, mvuvi asomaye au asomewaye maneno hayo hujua kitakachotendeka katika maji yake?

Swali hili si la nadharia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya huko Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa hasara iliyowapata kutokana na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Miongoni mwa mambo ambayo mahakama iliyaona kuwa na kasoro ni kwamba wananchi hawakupewa habari wala kushirikishwa ipasavyo. Hukumu hiyo ilikatiwa rufani baadaye, lakini fundisho lake kwa wafasiri na watumishi wa serikali limebaki palepale. Habari isiyoeleweka haina tofauti kubwa na habari iliyofichwa, na mara nyingi mkono unaoificha ni wa mfasiri asiyekusudia kuficha chochote.

Kuchimba na Kufukua

Tuanze na kazi yenyewe. Karibu kila andiko tulilolipitia hutumia neno "uchimbaji". Neno hili limekwisha kubebeshwa mzigo mzito: huchimbwa madini, huchimbwa kisima, huchimbwa msingi wa nyumba, na sasa huchimbwa bahari. Zaidi ya hayo, katika kazi za bandari neno hili huficha tofauti iliyo kubwa. Ipo kazi ya kwanza ya kukipa kina mahali ambapo tangu asili hapakuwa na kina hicho. Hapo hukatwa mwamba, udongo mgumu, na hata matumbawe. Ipo kazi ya pili ya kuyatoa yale yaliyorudi baadaye, yaletwayo na mito, mikondo na maji kujaa na kupwa. Kazi ya kwanza hugeuza umbo la mahali. Kazi ya pili hurejesha kina kilichokwisha kupatikana, nayo haina mwisho maadamu bandari inatumika.

Kiingereza hutumia neno moja kwa kazi zote mbili, kisha hulisaidia kwa vivumishi. Sisi hatuna haja ya kufuata njia hiyo, kwa sababu Kiswahili kina jozi ya vitenzi iliyo tayari: kufukia na kufukua. Shimo lililofukiwa hufukuliwa. Njia ya meli iliyofukiwa na mchanga nayo yafaa ifukuliwe. Kwa hiyo kazi ya kwanza na iitwe "uchimbaji wa kina", na ya pili iitwe "ufukuaji".

Huenda msomaji akasema kwamba kufukua ni neno la makaburini. Ni kweli kwamba kaburi hufukuliwa. Lakini maana ni ileile, yaani kukitoa kile kilichofunika. Kuna faida nyingine. Mvuvi aambiwapo kwamba patakuwa na uchimbaji wa miezi sita, hudhani kwamba mwezi wa saba atarejea katika maeneo yake kama zamani. Aambiwapo kwamba uchimbaji utafuatwa na ufukuaji kila baada ya muda fulani, ataelewa kwamba mitambo itarudi, naye ataweza kuuliza: kila baada ya muda gani?

Yafaa tutaje hapa usemi mwema uliotumika katika mradi wa kuboresha Bandari ya Dar es Salaam ulioanza mwaka 2017, yaani "kuongeza kina na kupanua lango la kuingilia meli". Usemi huu ni Kiswahili safi, na kila mtu huuelewa. Upungufu wake ni kwamba hueleza lengo bila kueleza tendo. Unafaa sana katika tangazo la redioni, lakini hautoshi katika taarifa ya athari kwa mazingira.

Mashapo si Taka

Kile kinachotolewa huitwa kwa majina mengi: tope, matope, mchanga, uchafu, taka za chini ya maji, na mashapo. Neno la mwisho ndilo bora. Mashapo ni yale yatuayo chini ya kioevu, na walimu wa jiografia wamekwisha kulizoea katika "miamba mashapo". Hujumlisha mchanga, tope, udongo mfinyanzi na mabaki ya viumbe, bila ya kusema kwamba ni kibaya au chema.

Neno "taka" husema hivyo, na hapo ndipo lilipo kosa. Mikoko ya delta ya Rufiji imesimama juu ya mashapo yaliyoletwa na mto. Bila mashapo hakuna delta, na bila delta hakuna kamba wala mazalio ya samaki. Mashapo hayohayo, yaletwapo na Mto Sabaki wakati wa mvua na kuyafanya maji ya Malindi kuwa mekundu, ni mzigo kwa matumbawe. Yakijaa katika Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 katika Mto Tana, hupunguza maji ya kuzalishia umeme. Kitu kimoja, hukumu tatu. Mfasiri akiandika "taka" amekwisha kutoa hukumu kabla ya mtaalamu kusema lolote, kwani hakuna aulizaye taka zilikuwa na faida gani mahali zilipokuwa.

Kinyume chake, katika bandari za siku nyingi mashapo huweza kuwa yamechanganyika na madini mazito, mafuta, na rangi zenye sumu zilizopakwa meli ili zisiotwe na viumbe. Hapo neno mashapo peke yake ni pole mno. Yafaa kuandika "mashapo yenye sumu", na sumu yenyewe itajwe.

Kitenzi "kuondoa" nacho chahitaji kuangaliwa. Mashapo hayaondoki duniani. Hutolewa hapa yakapelekwa pale: humwagwa bahari kuu, hutumiwa kujazia ufuko, au hulundikwa nchi kavu. Mkataba wa London wa mwaka 1972 pamoja na Itifaki yake ya mwaka 1996 huiruhusu kazi ya kuyamwaga baharini kwa kibali tu. Hata hivyo sentensi "mashapo yataondolewa" hukamilika kisarufi bila ya kutaja yaendako, na msomaji hubaki ameridhika. Tungependelea "kuhamisha mashapo", kwa sababu mtu akisikia kuhamisha huuliza mara moja: kwenda wapi?

Roboti Huyu, Viumbe Hivi

Sasa tufike kwenye jambo lililotupa jina la makala haya. Kwa kanuni ya Kiswahili, nomino zitajazo vyenye uhai wa kinyama huchukua upatanisho wa a-/wa- hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine: kiboko yule, kifaru huyu, viumbe hawa. Mitambo haina haki hiyo. Husemwa mtambo huu, trekta hili, mashine ile. Lakini katika maandishi tunayoyazungumzia hukutwa mara kwa mara sentensi zilizoundwa kwa namna hii: roboti huyu ataamua mahali pa kufyonza, na viumbe hivi havitadhurika. Chuma kimepewa upatanisho wa walio hai, na walio hai wamepewa upatanisho wa vyombo.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo la kisarufi. Sisi hatulioni kuwa dogo. Neno roboti lilienea duniani kutoka katika tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., ya mwaka 1920. Mzizi wake katika Kicheki ni "robota", yaani kazi ya lazima, ile ambayo Kiswahili huiita shokoa. Kwa hiyo tangu asili roboti ni kitumwacho. Ukiandika "roboti huyu aliamua" umempa nafsi, na mwenye nafsi hubeba lawama. Kasa akikatwa na mtambo, matumbawe yakivunjwa, ni nani atakayeulizwa? Lugha ikisema kwamba roboti ndiye aliyeamua, basi kampuni, nahodha na ofisa aliyetia saini wote wameponyoka kwa mlango wa upatanisho.

Tuchukue mfano wa kweli. Mwezi Aprili mwaka 2021 mtambo uitwao Patania II, wenye uzito wa tani 25 hivi, ulijaribiwa katika Bahari ya Pasifiki kwenye kina kinachozidi meta 4,000. Kazi yake ilikuwa kuyafyonza madonge ya madini pamoja na mashapo. Magazeti ya dunia yaliuita roboti. Katika majaribio hayo waya uliouunganisha na meli ulitoka, nao mtambo ukabaki sakafuni mwa bahari hata ulipoungwa tena na kuopolewa. Tukio hilo laonyesha wazi kwamba "roboti" hiyo ilikuwa ikishikwa na kuongozwa na watu waliokuwa juu melini. Mitambo mingi ifukuayo mashapo kwenye magati na mabwawani ni ya aina hiyo: hutambaa kwa minyororo, hufyonza kwa pampu, hupeleka mashapo juu kwa bomba, na huongozwa na mtu aketiye mbele ya kioo cha picha. Mingine hufuata programu iliyopangwa kabla, bila ya kuamriwa kila hatua. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye kutafuta mwajibikaji, nayo yastahili istilahi mbili: "roboti ya kuongozwa" na "roboti ijiongozayo". Zote mbili zichukue upatanisho wa i-/zi-.

Kwa upande wa pili, "viumbe wa majini" ni jumla ipitayo kiasi. Mtu akiahidi kuwalinda viumbe wa majini hajaahidi jambo linaloweza kupimwa. Watajwe: matumbawe, nyasi bahari, kasa, nguva, kome, kaa, majongoo bahari, minyoo ya topeni. Hapa pana mtego ambao wafasiri wengi wameuangukia. Nyasi bahari na mwani huandikwa kwa neno moja la mwani. Nyasi bahari zina mizizi, hutoa maua na mbegu, nazo ni malisho ya nguva na kasa; mwani hauna mizizi ya kweli, na ndio ulimwao katika fukwe za Zanzibar. Taarifa isemayo kwamba "mwani utahamishwa" yaweza kumtia hofu mkulima wa Paje ambaye shamba lake haliguswi kabisa, na wakati huohuo ikamwacha bila habari mvuvi ambaye malisho ya samaki wake ndiyo yatakayong'olewa.

Kutibua na Kutua

Madhara makubwa ya kazi hii hayaonekani mahali pa kuchimbwa tu. Mashapo yakisukwasukwa hupanda majini, huzuia mwanga ambao nyasi bahari na matumbawe huutegemea, huziba mashavu ya samaki, kisha hushuka na kuwafunika wasioweza kukimbia. Kwa hali hiyo ya maji tumekuta "ukungu wa maji", "uchafukaji" na "wingu la matope". Tunashangaa kwa nini hakuna aliyewauliza wavuvi, maana kitenzi wanacho: maji hutibuka. Atiaye mguu kwenye dimbwi huyatibua. Kutokana na kitenzi hicho twapata "mtibuko", yaani hali ya maji kujaa chembe za mashapo zieleazo, na "kipimamtibuko", yaani chombo kiipimacho hali hiyo. Roboti nyingi za kisasa hubeba chombo hicho, na ubora wake mkubwa, ukitumiwa vema, ni kwamba mtibuko ukipita kiwango kilichowekwa kazi husimamishwa.

Kinyume cha kutibuka ni kutua. Hapa tena yabidi kuwa waangalifu. Wanasayansi waliochunguza majaribio ya mwaka 2021 tuliyoyataja waliona kwamba kati ya asilimia 92 na 98 ya mashapo yaliyotibuliwa yalitua au yalibaki chini ya meta 2 kutoka sakafuni. Habari hii huweza kufasiriwa kana kwamba ni njema tupu: mashapo hayakusambaa juu. Kwa samaki aogeleaye juu, ni njema. Kwa kiumbe akaaye sakafuni, katika hizo meta 2, ndiyo habari yenyewe ya msiba. Mfasiri anayeandika kwamba "sehemu kubwa ilitua" hana budi kuongeza ilitua juu ya nini.

Urafiki Usio na Kipimo

Mwisho tuyaangalie maneno ya ahadi. Usemi "rafiki wa mazingira" umeenea mno, hata mifuko na sabuni zimekuwa marafiki. Kwa Kiswahili urafiki ni uhusiano wa watu wawili wajuanao na kusaidiana. Mtambo ufyonzao tope hauwezi kuwa na urafiki na chochote. Kibaya zaidi, urafiki hauna kipimo. Hakuna mkaguzi awezaye kwenda ufukoni na kuupima.

Linganisheni na lugha ya mradi wa daraja na njia ya chini ya bahari kati ya Denmark na Sweden, katika mlango wa Øresund, uliofunguliwa mwaka 2000. Huko iliamriwa kwamba mashapo yatakayomwagika wakati wa uchimbaji yasizidi asilimia 5 ya yote yatakayochimbwa. Hiyo ni lugha ya sheria: ina kitu, ina kiasi, na mtu aweza kushtakiwa kwayo. Vilevile huko Marekani, baada ya kuonekana katika miaka ya 1980 kwamba mitambo ya kufyonza huwaua kasa, vichwa vya mabomba vilifungiwa mabamba ya kuwasukuma kasa kando. Anayeandika "bamba la kuepushia kasa" amesema jambo zaidi ya yule aandikaye kurasa mbili za urafiki.

Kitenzi "kulinda" nacho kimefanywa mtumishi wa mabwana wanne. Hutumika kwa kuepusha madhara yasitokee, kwa kupunguza yasiyoepukika, kwa kurejesha yaliyoharibika, na kwa kufidia yasiyorejesheka. Mambo haya manne hayalingani. Mwenye mradi anayepanda mikoko mahali pengine baada ya kuikata hapa amefidia, hakulinda. Kiswahili kina vitenzi vyote vinne, tena vinajulikana na kila mtu. Hapana sababu ya kuvitupa tukabaki na kimoja kinachompendeza kila msikilizaji.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

1. Uchimbaji wa kina: kukata sakafu ya asili ya bahari, mto au ziwa ili kupata kina kisichokuwapo.
2. Ufukuaji: kutoa mashapo yaliyojaa tena mahali palipokwisha kuchimbwa, au katika bwawa na njia ya maji.
3. Mashapo: chembe za mchanga, tope, udongo na mabaki ya viumbe zilizotua chini ya maji, mashapo yenye sumu, pale penye sumu.
4. Kuhamisha mashapo: kuyatoa na kuyapeleka mahali pengine, mahali penyewe patajwe daima.
5. Roboti ya kuongozwa: mtambo utendao kwa amri za mtu zipitazo katika waya au mawimbi.
6. Roboti ijiongozayo: mtambo utendao kwa programu bila ya kuamriwa kila hatua.
7. Mtibuko, kipimamtibuko: kama tulivyoeleza hapo juu.
8. Viumbe wa sakafuni: wanyama waishio juu ya sakafu ya bahari au ndani ya mashapo yake.
9. Kipimakina cha mwangwi: chombo kipimacho kina kwa sauti irudiyo. Manahodha wetu walipima kwa bildi kwa karne nyingi. Neno bildi libaki kwa kifaa cha kamba na risasi.
10. Kuepusha, kupunguza, kurejesha, kufidia: vitumike kila kimoja kwa maana yake, na "kulinda" kitumike kwa kuepusha tu.

Tunafahamu kwamba baadhi ya watumishi wa serikali wataona istilahi hizi zinawazidishia kazi. Mwenye kuandika "mashapo yatahamishwa" atalazimika kuuliza wahandisi yaendako; mwenye kuandika "roboti ya kuongozwa" atalazimika kujua nani aiongozaye. Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka. Mfasiri aulizaye maswali hayo ofisini humpunguzia mwananchi haja ya kuyauliza mahakamani.

Walimu wa jiografia na sayansi tunawaomba wayajaribu maneno haya madarasani na watuarifu yapi yalikwama. Wafasiri tunawaomba watuletee maneno ya pwani na ya maziwani tusiyoyajua, hasa yale ya wavuvi, ya manahodha, na ya wanawake waendao kuvua pweza na kuokota kome maji yanapokupwa. Kwani hao ndio waionao sakafu ya bahari kila siku, na haielekei kwamba hawana jina la kile wanachokikanyaga. Hadi istilahi hizi zitakapopitishwa, kila atumiaye mojawapo katika andiko la umma aifafanue kwa sentensi moja mara ya kwanza aitajapo.